MKONO, MZIGO NA MSITU



Sisi ni wale wanafunzi wanaopenda pori. Mnatujua. Siku ya posho, kazi za mikono zikiisha, tunavuka daraja la Tshopo na kushika barabara ya Banalia, na jioni mnatuona tukirudi na matope mpaka magotini. Wengine wanatucheka na kusema: "Bazazi babo balikimbia pori, na bao banarudia mule!" Hatukasiriki. Tunajibu kwamba mtu anayekaa katika jimbo letu bila kujua msitu ni kama mtu aliyezaliwa kando ya mto na hajui kuogelea.

Leo tunataka kuandika juu ya jambo moja linalosumbua kila mtu anayependa msitu, hapa kwetu na ng'ambo vilevile. Kupenda msitu ni kitu kimoja, kupenda vyombo vya msitu ni kitu kingine. Vyote viwili vinakaa ndani ya moyo mmoja, na mara nyingi vinagombana. Mtu anaanza kwa kutamani kujua kuwasha moto, anaishia kutamani kisu. Anakiona sokoni, kinang'aa, kina msumeno na mkasi na cha kufungulia chupa, na usiku usingizi hauji. Akikipata, anakionyesha kwa marafiki mwezi mzima. Lakini mwambie akate nacho ufito mmoja na kuuchonga ncha, utaona mambo.

Ulaya na Marekani wako watu wengi ambao kwao kulala porini ni mchezo wa siku za mapumziko. Wana vitabu, wana walimu, wana maduka makubwa ya kuwauzia kila kitu, na wao kwa wao wanagombana vilevile: ni nani mtu wa pori kweli, mwenye kujua ao mwenye kununua? Hata Baden-Powell, yule Mwingereza aliyetoa kitabu cha maskauti mwaka wa 1908, chombo alichokisifu sana kilikuwa fimbo. Fimbo tu, yenye alama za vipimo. Kwa fimbo unapima kina cha maji, unamsaidia mwenzako kupanda, na fimbo mbili pamoja na makoti mawili zinakuwa machela ya kubebea mgonjwa.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Karibu yetu, kwenye mto Aruwimi, kulitokea habari ambayo kila mwanafunzi wa Kisangani anapaswa kuijua.

MIZIGO YA YAMBUYA

Mwaka wa 1887 Stanley alipita tena katika nchi yetu. Safari hii alikuwa akimtafuta Emin Pasha, liwali wa Ekwatoria, kule upande wa Ziwa Albert. Haikuwa safari ya kimaskini. Alikuwa na mashua ya chuma iliyotengenezwa vipande 12 ili ibebwe na watu. Alikuwa na bunduki ya Maxim, kitu kipya duniani wakati ule. Alikuwa na masanduku ya dawa kutoka kwa Burroughs Wellcome, na masanduku ya vyakula vya Kizungu kutoka duka la Fortnum & Mason la London. Wabebaji wake, zaidi ya watu 600, waliandikwa Unguja, na lugha yao ya njiani ilikuwa Kiswahili hiki hiki.

Walipofika Yambuya, maporomoko yakazuia meli kupanda zaidi. Wenyeji walifukuzwa, na kijiji chao kikawa kambi. Stanley akagawa watu. Tarehe 28 Juni 1887 akaingia msituni na kundi la mbele. Kundi la nyuma, zaidi ya watu 200, akaliacha pale chini ya Meja Barttelot, lilinde mamia ya mizigo na kungoja wabebaji walioahidiwa na Tippu Tip, aliyekuwa liwali hapa kwetu kwenye Maporomoko. Wabebaji hawakufika kwa wakati. Kundi likangoja karibu mwaka mzima, limekaa kando ya mali.

Na pale pale wakaanza kufa. Hawakufa kwa vita. Walikufa kwa njaa, kwa magonjwa, kwa viboko, na kwa muhogo. Mashamba ya muhogo yalikuwa karibu, lakini muhogo wenyewe ulikuwa ule mchungu, ambao mama zetu hawawezi hata siku moja kuutia kwenye sufuria bila kuuloweka. Watu wale waliula bila kuuloweka, na wengine waliula mbichi. Stanley alipokuja kulikuta kundi lake Banalia, tarehe 17 Agosti 1888, Barttelot alikuwa amekwisha kuuawa kwa risasi mwezi mmoja mbele. Wengi wa wale aliowaacha hawakuwako tena, na waliobaki, wengi wao walikuwa mifupa yenye kupumua. Yeye mwenyewe, katika kitabu chake, aliutaja muhogo ule kuwa sababu moja kubwa ya vifo.

Katika somo la kemia tunafundishwa sababu. Muhogo mchungu unabeba kitu kinachoitwa linamarini, nacho kinazaa sumu ya siyanidi. Ukiuacha majini siku tatu ao nne unalainika, unachacha, na sumu inatoka. Kisha unaukausha ao unaupika. Mama anayetuuzia kwanga asubuhi pengine hajui jina la linamarini, lakini anazijua siku. Tena jambo hili halikuisha zamani. Kule Kwango, pale ambapo njaa imewafanya watu wafupishe siku za kuloweka, ugonjwa wa konzo unapoozesha miguu ya mama na watoto mpaka katika miaka hii yetu.

Hatusemi habari hii kwa kuwacheka wale wabebaji. Walikuwa watu kama sisi, waliacha watoto nyumbani, na si wao waliochagua kukaa pale. Tunasema tu kwamba mamia ya mizigo ilikuwako, na maarifa ya siku tatu za maji hayakuwamo ndani ya sanduku hata moja. Wenye maarifa yale walikuwa wamefukuzwa kijijini siku ya kwanza.

KWA WAGENIA

Sasa turudi mjini kwetu. Mgeni yeyote anayefika Kisangani anapelekwa kwa Wagenia kupiga picha. Anaona miti mirefu imesimama katikati ya maji yenye kuchemka, imetiwa ndani ya mashimo ya mawe, imefungwa na kamba za pori. Hakuna msumari. Kwenye miti ile wanatundika migono, vikapu vikubwa vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba, na kuishusha majini. Mto wenyewe unamsukuma samaki ndani, na nguvu ya maji inamkataza kutoka. Mtu haongezi kitu ila kujua: kujua jiwe gani lina shimo, kamba gani haiozi upesi, maji yakipanda samaki anapita wapi.

Tulikwenda kumsalimia mzee mmoja wa kazi ile, tukampelekea sabuni na sukari kidogo, kama inavyofaa kwa mkubwa. Tukamwuliza: "Koko, juu ya nini hamufungi hii miti na kamba ya nilo? Si ni nguvu zaidi?"

Akajibu: "Banangu, nilo niko nayo, njo hii ya nyavu. Ni kitu muzuri. Lakini ile miti, maji inaichukua, na kila mara tunaisimamisha tena. Kama ni kamba ya soko, falanga nitatosha wapi? Ya pori ikipotea, ninaingia pori, ninakata ingine. Chombo unaweza kutengeneza tena, ile njo yako. Ile ingine umeazima tu."

Kisha akamwita mjukuu wake, mtoto wa miaka kama kumi, amfungie fundo moja mbele yetu. Mtoto akafunga akitazama kando, akizungumza na mwenzake. Sisi wa kilasi cha sita tulijaribu mara nne. Mzee hakutucheka. Alisema tu: "Mukono inajifunza pole pole kuliko macho."

VYOMBO SI DHAMBI

Hapa wengine watasema: basi, tutupe kila kitu, twende na mikono mitupu kama Adamu. Hapana. Hatuandiki hivyo.

Hata Bambuti wa msitu wa Ituri, wanaojulikana kuwa mafundi wa msitu, tangu zamani wanapeleka nyama na asali vijijini, na wanarudi na chuma, panga, chumvi na ndizi. Mwenye kujua pori sana ndiye anayejua bei ya chuma kizuri. Chandarua kinazuia malaria, na malaria haiulizi kama wewe ni mtoto wa mwindaji. Mabote yanazuia meno ya nyoka. Sufuria yenye kifuniko inachemsha maji. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa 6, tunasoma juu ya yule mwana wa manabii ambaye chuma cha shoka lake kilianguka mtoni, naye akalia kwa sababu shoka lilikuwa la kuazima. Elisha hakumwambia kwamba shoka ni kitu cha dunia hii. Alikielelesha chuma, akamwambia akiokote.

Kwa hiyo swali si kama chombo ni kizuri ao kibaya. Swali ni hili: chombo kinakuja baada ya maarifa, ao kinakuja mahali pa maarifa?

Tuchukue moto. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, mvua inanyesha miezi yote, na kuni za chini zimelowa kama sponji. Mtu anatoa briketi yake mpya, anaiwasha, moto unatoka, kuni zinatoa moshi, briketi inakwisha gesi. Kwa nini? Briketi inatoa moto, haitoi kuni kavu. Mwenye kujua anaacha miti iliyolala chini. Anatafuta mti mdogo uliokufa ukiwa umesimama, anaupasua mpaka kwenye moyo wake mkavu, anachonga vipande vyembamba kama kalamu. Anatafuta utomvu mkavu kwenye magome, ule unaowaka hata ukilowa kidogo. Anajenga moto juu ya vijiti, si juu ya udongo wenye maji. Mtu huyu ukimpa briketi anakuwa tajiri. Ukimnyima, atateseka kidogo lakini atakula.

Na ndivyo ilivyo kwa vingine. Panga la sokoni linakuja butu. Asiyejua kulinoa kwa tupa amenunua kipande cha chuma tu. Hema haimkingi mtu aliyeisimamisha chini ya tawi kavu, wala juu ya njia ya siafu. Simu yenye ramani ni kitu kizuri sana, mpaka betri ife. Lakini aliyevunja vijiti njiani akitazama vijito vinaelekea wapi, atarudi nyumbani na giza lake.

NENO LILILOTOKEA KWETU

Mwanzoni mwa muhula huu kasha letu lilikuwa na falanga kidogo, juu ya kuuza mikate na kufyeka viwanja vya watu. Tukakutana ili tuamue kazi yake. Mmoja wetu akasimama na karatasi, akasoma orodha: mahema mawili, tochi za kichwani, visu vya kukunja, betri ya kuchajia simu. Mwishoni akasema kwamba kila mtu awe na mabote na sakado yake, na asiye navyo asije, kwa sababu ya usalama. Alisoma vizuri, na macho ya wengi yakawaka. Upande mwingine ukasema ni upuzi mtupu, babu zetu hawakuwa na sakado, tununue mchele na twende.

Walipigana maneno kwa muda. Kisha mwenzetu mmoja, mwenye kusema kidogo, akauliza: "Mabote, ni kasha itatoa, ao ni kila mutu kwao?"

Akajibiwa: "Kasha haiwezi kutosha. Kila mutu kwao."

Akasema: "Basi mie nitabakia. Mutanielezea mukirudia."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja saa. Lakini mjue kwamba mwenzetu huyu ndiye anayewasha moto mvua ikinyesha. Yeye ndiye aliyetufundisha utomvu ule tuliouandika hapo juu, na majani ya kuezekea kibanda, na namna ya kukaa kimya. Baba yake alifariki. Viatu alivyo navyo ni vya kanisa na shule. Kwa orodha ile, msitu wetu ungekuwa na mahema mawili na ungepungukiwa mtu mmoja. Na mtu mwenyewe ndiye aliyekuwa vyombo vyetu vyote.

Upande wa mchele nao hakujibu swali lake. Maana nyoka wako kweli, na kumwambia mtu aende pekupeku kwa sababu babu yake alikwenda pekupeku si kumpenda. Babu wengi walikufa kwa nyoka, na hawakurudi kutueleza.

Kura haikupigwa siku ile. Tuliahirisha majuma matatu. Katika majuma hayo tulisoma habari za Yambuya, tukaenda kwa yule mzee wa Wagenia, na tukazungumza na mwalimu wetu. Kisha tukakutana tena, na tulipatana hivi:

1. Hakuna chombo kitakachokuwa mlango wa kuingilia. Kinacholazimu kwa usalama kinatoka kwenye kasha, ao hakilazimu. Mabote tumenunua jozi tatu: ya anayefungua njia mbele, ya anayemfuata, na ya anayekwenda nyuma kabisa. Tunabadilishana.

2. Kasha halinunui kitu ambacho kazi yake hatujajifunza kuifanya bila hicho kitu. Kwanza kibanda cha majani, kisha turubai. Kwanza njia kwa macho, kisha ramani ya simu. Dawa, chandarua na mabote haviingii katika sheria hii, kwa sababu mwili haufanyi mtihani wa namna hiyo.

3. Kila mwenye chombo ni mwalimu wa chombo kile. Ukileta kisu, utafundisha kukinoa. Kama huwezi, kisu kinabaki nyumbani.

4. Kila muhula tutakwenda kwa mtu mzima mmoja mwenye kazi ya msitu ao ya mto, mama ao baba, na tutaandika alichotufundisha. Anayeloweka muhogo naye ni mwalimu wetu.

Yule mwenye orodha hakupenda sana kanuni ya pili, na hatuwezi kumlaumu kwa hilo. Alinunua tochi ya kichwani kwa falanga zake mwenyewe, na kanuni haimkatazi. Usiku mmoja tulipochelewa kwenye kijito kilichopanda, tochi ile ilishikiwa juu wakati wengine wakivuka kwa kamba mmoja mmoja, na fundo la kamba lilifungwa na yule mwenye kusema kidogo. Hatukusikia mtu yeyote akibishana usiku ule ni nani mwenye haki.

KWENU WASOMAJI

Mnakumbuka Daudi alipotaka kwenda kupigana na Goliathi. Sauli alimvika mavazi yake ya vita, kofia ya shaba na upanga. Vilikuwa vyombo vizuri, vya mfalme. Daudi akajaribu kutembea navyo, akavivua, kwa sababu hakuvizoea. Watu wengi wanasema Daudi alikwenda bila chombo. Si kweli. Alikuwa na fimbo, na kombeo, na mawe matano aliyoyachagua mwenyewe kijitoni. Kombeo ni chombo. Lakini nyuma ya kombeo kulikuwa na miaka ya kuchunga kondoo, na miaka ile ndiyo ambayo Sauli hakuweza kumvisha mtu.

Tunafikiri jambo hili halihusu pori tu. Wako wanaonunua kalamu nne za rangi kwa mtihani wa serikali na hawajafungua daftari. Ziko kwaya zinazolilia gitaa jipya wakati sauti hazijapatana. Kila mmoja atazame mzigo wake na kuuliza: hiki nimekizoea, ao nimevikwa?

Wenye kutaka kujiunga nasi waje siku ya posho, nyuma ya darasa la kilasi cha nne, baada ya kazi za mikono. Wasichana kwa wavulana. Msiulize mlete nini. Mwenye panga alete panga, mwenye chumvi alete chumvi, na asiye na kitu aje na mikono yake. Jambo moja tu tunawaomba: kabla ya kuja, mwulizeni mama ao koko nyumbani jambo moja la msituni analolijua, mje mtufundishe.

Bwana awalinde.

Wapenzi wa Msitu